UZI: Filamu za siri chini ya tawala za mabavu. Kamera wanaiona, nia ndiyo hawaioni

#1 (mleta uzi)

Wakuu salaam,

Ikitajwa filamu iliyopigwa kwa siri ndani ya nchi ya kidikteta, wengi wetu tunawaza kalamu yenye lenzi, kifungo cha koti kinachorekodi, jamaa kavaa kofia anatokwa jasho. Zipo za hivyo, nitazifikia. Ila mimi kuhariri video ndiyo kazi inayonilisha, na mikanda ya aina hii imeshapita mezani kwangu. Kadiri ninavyoitazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba zile zilizowauma watawala kuliko zote zilipigwa kwa kamera kubwa, imesimama juu ya miguu yake mitatu, mchana kweupe, na maofisa wa serikali wako pembeni wanaitazama.

Mfano wa wazi kabisa ni Korea Kaskazini. Vitaly Mansky, mtengenezaji filamu wa Urusi mzaliwa wa Lviv, Ukraine, alipewa kibali cha kufuatilia familia moja ya Pyongyang: baba, mama na binti wa miaka 8 anayejiandaa kuingia Umoja wa Watoto, ile jumuiya ya skafu nyekundu. Masharti yalikuwa ya kumnyonga mtu. Hadithi wameandika wenyeji, familia wamechagua wenyeji, mahali pa kupigia picha wamepanga wenyeji. Wasindikizaji wa serikali hawabanduki. Kilichorekodiwa lazima kipite mbele yao kikaguliwe. Baba wa yule binti alikuwa mwandishi wa habari, kwenye hadithi wakamgeuza mhandisi wa kiwanda cha nguo. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye mkahawa, wakampeleka kiwanda cha maziwa ya soya. Yaani hata kazi zao wenyewe walizikuta zimebadilishwa.

Mwingine hapo angefunga virago. Mansky alifanya kitu kidogo mno: hakuzima kamera. Msindikizaji akisema "haya, anzeni", kamera ilikuwa imeshaanza zamani. Akisema "basi, inatosha", kamera bado inakula. Usiku wanatoa nakala mbili, moja ya kupeleka kwenye ukaguzi ikiwa imepunguzwa vipande, nyingine ya kuondoka nayo.

Kuna tukio la mezani ambalo nimelitazama sijui mara ngapi. Familia inakula. Baba anamweleza binti faida za kimchi, ile kabichi yao ya kuchachusha, na binti anaitikia kama anayesoma ubaoni kwamba inazuia uzee na saratani. Wote wanacheka. Kisha mwanamume aliyevaa koti jeusi anaingia ndani ya picha, anasema rudieni, changamkeni zaidi. Wanarudia. Kicheko kilekile, mahali palepale, kimepandishwa sauti kidogo.

Na kuna jingine, la darasani. Mzee wa jeshi, kifua kimejaa nishani mpaka koti linaning'inia, anawasimulia watoto habari za vita. Anasimulia, anasimulia. Kamera imetulia kwenye uso wa mtoto mmoja ambaye macho yanamfumba, anayafumbua kwa nguvu, yanafumba tena. Mtoto amechoka, basi. Mkaguzi akiitazama anaona mwanafunzi anayemsikiliza shujaa. Sisi tunaona kitu kingine kabisa, na mkanda ni uleule.

Filamu ilioneshwa mara ya kwanza Tallinn, Estonia, Novemba 2015. Pyongyang walilalamika mpaka Moscow. Lakini walilalamikia nini hasa? Maneno ya filamu ni yao, watu ni wao, nguo ni zao.

Nitaendelea, ngoja nipate chai.

#2

Nimevuta kiti. Mkuu usitukimbie katikati kama wale wenzako wa "itaendelea" halafu mwaka unaisha.

#3

Mimi nitakuwa mkorofi kidogo, mnisamehe. Huyu Mrusi aliingia kwa mkataba, akala chumvi ya watu, akatoka na kitu ambacho hakukubaliana nao. Tukiuita ushujaa sawa, lakini yeye amepanda ndege karudi kwake. Yule binti na wazazi wake wamebaki palepale. Nani aliwauliza kama wanataka kuwa nyota wa filamu ya namna hiyo?

#4 (mleta uzi)

Mkuu wa #3, swali lako ndilo swali lenyewe, na silikimbii. Nipe nafasi nimalize upande wa kamera kwanza kisha nirudi, maana majibu yake hayapatikani kwa Mansky peke yake.

Watawala wa mabavu wanapenda kamera kupita maelezo. Gwaride bila kamera ni jasho la bure. Ndiyo maana mtu aliyeshika kamera waziwazi, mwenye barua yenye mhuri, anapita mahali ambapo mwenye kalamu na daftari angekamatwa langoni. Kazi iliyobaki ni kuwapa sababu ya kuamini kwamba unakuja kuwasifia.

Lionel Rogosin, Mmarekani, alikwenda Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1950 akawaambia wakubwa wa serikali ya makaburu kwamba anatengeneza filamu ya muziki, ya Waafrika wenye furaha wanaoimba na kucheza. Wakafurahi. Akapiga picha Johannesburg na Sophiatown wakati kitongoji hicho kinabomolewa na watu wanahamishwa kwa malori. Wasaidizi wake kwenye hadithi walikuwa waandishi wa palepale, Lewis Nkosi na Bloke Modisane. Muziki kweli upo ndani yake, hakudanganya hapo: Miriam Makeba anaimba kwenye kijumba cha pombe, na filamu hiyo ikamfikisha kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 1959. Lakini kinachobaki kichwani ni mwanamume mmoja anayetafuta kazi na kila ofisi inamuuliza karatasi. Pasi ya kuwapo mjini, kibali cha kufanya kazi, ruhusa ya kutafuta kazi. Miaka 15 baadaye Nana Mahomo, mwanachama wa PAC, chama kilichopinga ubaguzi wa rangi, aliyekuwa uhamishoni, alitoa filamu nyingine iliyopigwa humo humo kwa kificho na kuvushwa nje. Hiyo ya 1974 ina wayaya wanaolea watoto wa Wazungu huku wa kwao wako mbali, na makaburi ya watoto huko Dimbaza, mahali serikali ilipokuwa ikiwatupa watu iliowaita wa ziada.

Chile nako. Miguel Littín, mtengenezaji filamu, alikuwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku kurudi nchini chini ya dikteta Pinochet. Mwaka 1985 akarudi kama mfanyabiashara wa Uruguay: amenyoa ndevu, amebadilishwa nywele, ana pasipoti ya mtu mwingine na lafudhi ya kujifunza. Kilichowasumbua zaidi waliomfundisha ni kicheko chake, kwamba akicheka tu watu watamjua. Vikundi vitatu vya wapiga picha kutoka Ulaya vikaingia kihalali, kila kimoja na kisingizio chake. Wale Waitaliano walisema wanafuatilia kazi za Toesca, msanifu Mtaliano aliyechora ikulu ya La Moneda. Kwa kisingizio hicho wakaruhusiwa kupiga picha ndani ya ikulu yenyewe. Jamani! Mtu anayetafutwa na serikali anaingia ikulu kukagua matao na nguzo.

Na wa karibuni zaidi: Pavel Talankin wa Karabash, mji wa kuyeyushia shaba huko Urusi. Yeye hakuhitaji hata kisingizio. Alikuwa mpiga video wa shule. Baada ya uvamizi wa Ukraine Februari 2022, shule ziliagizwa kufundisha vipindi vya uzalendo na kurekodi ushahidi kwamba vimefundishwa, kisha kuupakia mtandaoni. Basi jamaa akarekodi kama alivyoagizwa. Mwalimu anasoma karatasi ya wizara, anajikwaa kwenye neno refu la kisiasa, anarudi nyuma, anajikwaa tena. Akaihifadhi hiyo mikanda yote, akaunganishwa na mtengenezaji filamu David Borenstein aliyekuwa nje, na mwaka 2024 akaondoka kama mtu anayekwenda likizo. Januari 2025 filamu ikapata tuzo maalumu ya jopo la majaji kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Serikali ndiyo iliyoagiza mkanda, na mshahara wa mpiga picha imelipa yenyewe.

#5

Hao wote wana vibali. Wasio na kibali je? Raia wa kawaida ambaye hakuna atakayemwandikia barua yenye mhuri?

#6 (mleta uzi)

Hapo tunaingia Burma, au Myanmar kama inavyoitwa sasa.

Agosti 2007 serikali ya kijeshi ilipandisha bei ya mafuta ghafla, dizeli ikawa maradufu. Nauli zikaruka, chakula kikafuata. Septemba watawa wa Kibudha wakaingia barabarani, bakuli zao za sadaka wamezigeuza chini juu, maana yake kwamba hawapokei sadaka ya wanajeshi. Wanahabari wa nje hawakuruhusiwa kuingia. Picha nyingi mlizoziona wakati ule kwenye taarifa za habari za dunia zilitoka kwa vijana wenye vikamera vidogo, waliokuwa wakifanya kazi na Sauti ya Kidemokrasia ya Burma, kituo kilichoanzishwa Norway mwaka 1992. Mkanda unavushwa kwa mkono mpaka Thailand au unapenyezwa kwenye intaneti, unafika Oslo, unarushwa kwa setilaiti, unarudi Burma jioni ileile. Mwisho wa Septemba serikali ikakata intaneti yote.

Ukitazama mikanda ya vijana hao utagundua jambo ambalo mhariri yeyote hulilaani: picha imepinda. Unaona viatu. Unaona mkono wa begi. Unaona nusu ya basi, kisha anga, kisha kwapa la mtu. Kamera iko ndani ya mfuko na mwenyewe haioni inachokitazama. Niliwahi kukaa na mikanda ya namna hiyo (si ya Burma, na nchi sitaitaja) saa nyingi nikitafuta sekunde 4 zilizonyooka. Baadaye nikaacha kuzitafuta. Ule mpindo wenyewe ndio unaokwambia hapa mtu anaogopa.

Hukumu zake sasa. Mwanahabari mmoja wa kike wa kituo hicho alikamatwa mwaka 2009. Wakamfunga kwanza miaka 7 kwa kosa la kutumia pikipiki iliyoingizwa nchini bila kibali. Pikipiki! Kisha wakamwongezea 20 kwa sheria ya vifaa vya elektroniki. Jumla 27. Alitoka Januari 2012 kwa msamaha. Naitaja ile pikipiki makusudi, kwa sababu tunadhani mtu wa kamera atashtakiwa kwa kamera.

#7

Naomba niingie hapa, mimi ni wa zamani kidogo kuliko wengi humu. Nilisoma Bucharest, Romania, miaka ya 80, enzi za dikteta Ceaușescu. Nasoma uzi huu najiuliza, mngepiga picha nini?

Maana hatukuona watu wakipigwa barabarani. Tuliona foleni. Unajiunga na foleni kabla hujajua inauza nini, ukifika mbele ndipo unajua ni mayai au viatu. Nyumbani baridi, umeme unakatwa, televisheni saa mbili tu kwa siku na nusu ya hizo ni Yeye na mkewe. Mashine ya kuchapia lazima uiandikishe polisi na kuwapa sampuli ya herufi zake, ili siku karatasi ikiokotwa wajue imechapwa kwa mashine gani. Na mwenyeji akizungumza na mgeni kama mimi, alitakiwa akatoe taarifa.

Mama mwenye nyumba yangu alikuwa na mto mdogo wa rangi ya kahawia. Wageni wake wakija, jambo la kwanza kabla hata ya kuwakaribisha kiti, alikuwa anachukua ule mto anaufunika juu ya simu. Hasemi kitu. Kama vile mtu anavyofunika chungu. Mwaka wa kwanza nilidhani simu yao inalia sana.

Sasa huo mto ungeurekodi vipi? Ukiurekodi bila maelezo ni mto tu. Ukiurekodi na maelezo, umemfunga yule mama.

#8

Mzee wa #7 heshima yako. Hiyo ya mto imenikalia.

#9 (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Umenipeleka mahali nilipotaka kufika na hukupiga kona hata moja. Mimi ningeukata mkono wa mama nje ya picha, nikaacha mto na simu, nikashikilia hapo sekunde 10 huku nyuma watu wakiongea habari za hali ya hewa. Wapo watakaouona mto. Wapo watakaojua. Lakini ule mto wenyewe, rangi yake ya kahawia, ungemtambulisha kwa jirani yeyote aliyewahi kuingia humo. Na jirani ndiye wa kuogopwa, si kachero aliye makao makuu.

Nitasimulia kosa langu, maana humu tunajifunza kwa makosa. Kuna mahojiano niliwahi kuletewa niyaandae. Mwanamke, sebuleni kwake, anaeleza namna mjumbe wa mtaa anavyokuja kuhesabu waliolala ndani ya nyumba. Sura nikaifunika vizuri, ukungu mzito, si ule wa vigae vyepesi ambao kuna programu zinaweza kukisia kilicho nyuma yake. Sauti nikaishusha. Nikaona nimemaliza. Mwenzangu mmoja akaja kuitazama ile kazi akiwa na kikombe mkononi, akanyamaza, akaniambia rudisha nyuma. Rudisha. Simamisha hapo. Nyuma ya yule mama palikuwa na kabati la vyombo lenye milango ya kioo. Na kwenye kioo, kadogo kama kiganja, sura yake nzima, safi, bila ukungu hata chembe. Nilikuwa nimeitazama ile picha siku tatu.

Tangu hapo nina tabia ya kuangalia picha nikiwa nimemfunika mhusika kwa karatasi, niangalie kila kitu isipokuwa yeye. Kalenda ukutani ina jina la duka. Dirisha lina mnara. Cherehani ina namba. Mtoto anapita na nembo ya shule kwenye sweta. Na sauti pia: kengele, treni ya saa fulani, mbwa wa jirani mwenye mbweko wake. Kushusha sauti tu hakutoshi, aliyoishusha mmoja mwingine anaweza kuipandisha, kwa hiyo siku hizi tunamtafuta mtu mwingine ayaseme yale maneno upya. Faili lenyewe nalo linasema tarehe, saa, aina ya simu, na wakati mwingine mahali ulipokuwa umesimama.

Ukungu una kasoro nyingine ambayo watu hawaisemi: unaua uso. Mtu anasimulia mwanawe alivyochukuliwa usiku na wewe mtazamaji unaona doa la kijivu linatikisika. Ndiyo maana ile filamu ya David France ya mwaka 2020, ya watu wa Chechnya, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, waliokuwa wakisakwa kwa sababu ya kupenda wa jinsia yao, ilichukua njia nyingine. Watu wa kujitolea walio salama Marekani waliazima nyuso zao, na kompyuta ikazivisha juu ya nyuso za wakimbizi. Wanakunja uso, wanalia, wanakwepa macho, lakini hakuna atakayewatambua. Teknolojia ileile tunayoilaani kwa video za uongo. Nilipoiona mara ya kwanza nilikasirika kidogo, nikadhani ni mchezo wa kompyuta. Dakika ya 20 nikasahau.

#10 (yule wa #3)

Vizuri, lakini bado hujanijibu. Umesema namna ya kuwaficha. Mansky hakumficha yule binti. Filamu inaishia anabubujikwa machozi, anaambiwa awaze kitu kizuri, anashindwa kukipata, mwishowe anakariri kiapo alichofundishwa. Uso wake wazi dunia nzima.

#11 (mleta uzi)

Kweli, sikukujibu. Utetezi uliotolewa ni kwamba familia ilifanya kila ilichoambiwa, haikukosea hata neno, kwa hiyo mwenye lawama ni wasindikizaji na ni Mansky. Mimi hoja hiyo hainishibishi. Inategemea serikali ile iwe na mantiki, na hatujapewa sababu ya kuamini hivyo. Kama ningekuwa mimi mhariri, yale machozi sijui. Pengine ningeyaacha, ndiyo tukio lenye nguvu kuliko yote, na hapo hapo najua kwamba hiyo ndiyo sababu mbaya kuliko zote ya kuyaacha.

Ila nikupe upande wa pili, Tibet. Dhondup Wangchen, mkulima, shule hakuipata, kamera alijifunzia njiani. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2008 alizunguka na rafiki yake mtawa, Golog Jigme, wakahoji watu 108 wakiuliza maisha yao, Dalai Lama, na ile Olimpiki ya Beijing iliyokuwa inakuja. Kabla hajaanza, mkewe na watoto alikwisha kuwapeleka India. Kila aliyehojiwa aliambiwa hatari iliyopo. Na wengi wao, wazee na wachungaji wa yak (ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu), wakasema uso wangu uonyeshe. Mikanda ikavushwa mpaka Uswisi, ikatoka filamu ya dakika 25, ikaoneshwa kwa siri kwa wanahabari wa kigeni hotelini Beijing Agosti 2008. Yeye alishakamatwa tangu Machi, siku chache baada ya mikanda kutoka. Miaka 6 jela. Alifunguliwa Juni 2014, na Desemba 2017 akafika San Francisco.

Tofauti ni hiyo. Mchungaji wa Tibet aliulizwa akajibu. Binti wa Pyongyang hakuulizwa na mtu yeyote, si Mrusi wala wenyeji wake.

#12

Mmesahau keki, wakuu. Jafar Panahi wa Iran, Desemba 2010 alihukumiwa miaka 6 jela na miaka 20 asitengeneze filamu. Akakaa nyumbani kwake akisubiri rufaa, akarekodiwa akieleza filamu ambayo hawezi kuitengeneza, sehemu nyingine akarekodi kwa simu yake mwenyewe. Flashi ikafichwa ndani ya keki mpaka tamasha la filamu la Cannes 2011. Na 2025 ndiye aliyechukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha hilo. Mchezo na mtu huyo!

#13

Mleta uzi, mimi kijana nataka siku moja nifanye kazi ya namna hii. Ninunue kamera gani ya kuanzia?

#14 (mleta uzi)

Kijana wangu, kamera ni swali la mwisho. Unayo mfukoni, inatosha, na simu iliyochakaa haitiliwi mashaka na mtu.

Anza na orodha ya watakaobaki wewe ukiondoka, na uiandike kichwani, usiiandike mahali popote. Aliyekupangisha. Dereva. Aliyekutafsiria, huyu hasa, maana ndiye anayekamatwa kwanza na ndiye asiyetajwa kwenye shukrani. Kwa kila mmoja jiulize atasema nini wakimuuliza, na hakikisha asichokijua hakijui kweli. Kisha tafuta mtu aliye nje, anayepokea mikanda siku kwa siku, ili usiku wowote wakikuvamia wewe uwe na vya juzi tu. Wale vijana wa Burma walikuwa wakitoa mkanda kabla haujapoa.

Kingine, usitafute makubwa. Ukienda na kiu ya mtu kupigwa virungu utakaa mwaka mzima unasubiri, na utakuwa unatazama mahali siko. Rekodi foleni. Rekodi mtu anavyoshusha sauti katikati ya sentensi muuza magazeti akipita, kisha anaipandisha. Rekodi mto wa yule mama, kama atakuruhusu.

Na uwe tayari kutokuiachia. Ninazo saa kadhaa za mahojiano ambazo hazitatoka nikiwa hai, kwa sababu mmoja aliyemo alibadili mawazo miezi mitatu baada ya kuongea. Alituma neno moja tu, "hapana". Bosi alinuna. Haikutoka.

#15

Na kamera ikikamatwa ndiyo basi tena? Mkanda umekwisha?

#16 (mleta uzi)

Mara nyingi ndiyo basi. Lakini kuna ya Kenji Nagai, niiseme nikalale.

Alikuwa mpiga picha wa Japani, alikuwapo Yangon tarehe 27 Septemba 2007. Askari alimpiga risasi kwa karibu akiwa na kamera mkononi, akafa pale barabarani. Tukio hilo lilirekodiwa na kijana mwingine aliyekuwa amejificha juu ya jengo, dunia ikaliona. Kamera ya Nagai ikapotea. Familia yake iliidai mwaka hadi mwaka, serikali ikasema haiijui.

Aprili 2023, Bangkok, wale watu wa Sauti ya Kidemokrasia ya Burma walimkabidhi dada yake kamera hiyo. Ilipitia mikono ya nani miaka yote 15 na zaidi hawakusema, na wamefanya vizuri kutosema. Mkanda ulikuwa bado umo ndani, na unacheza. Watu wameketi barabarani, wanaimba. Malori ya jeshi yanafika. Nagai anajigeuzia kamera usoni, anasema kwa Kijapani kwamba wanajeshi wenye silaha nzito wamewasili, kisha anaigeuzia tena kwa watu. Wanaanza kukimbia, na mkanda unakatika kabla ya risasi.